Mmea Usiolilia Jua

Shangazi yangu anayeishi Frere Town huwasha taa ya sebuleni saa nne za asubuhi. Si kwamba macho yamemwishia, la hasha. Jua ndilo lililomhama.

Msomaji anayekifahamu kitongoji hicho cha Kisauni atanielewa upesi. Frere Town ilianzishwa mwaka wa 1875 na wamishonari wa CMS iwe makao ya watumwa waliokombolewa, ikapewa jina la Mwingereza Sir Bartle Frere. Mnara wa ile kengele iliyoipa njia panda ya Kengeleni jina lake ungali pale, matatu za Bamburi na Mtwapa zikiupita usiku na mchana. Lakini zile nyumba za chini zenye nyua pana, ambazo wengi wetu tulizijua utotoni, zinazidi kupungua. Palipokuwa na mwembe leo pana fleti.

Kwa shangazi, fleti ya kwanza iliinuka upande wa mashariki, ghorofa tano. Ya pili ikafuata upande wa magharibi. Wenye kujenga wamejenga kwao, hakuna wa kumshtaki. Nyumba yake ya mabati ikabaki katikati kama mtoto aliyesimama baina ya watu wazima ndani ya matatu iliyojaa.

Asumini yake iliyokuwa ikitambaa dirishani, ambayo alizoea kuichuma jioni na kuiweka kwenye kisahani kando ya kitanda, ndiyo iliyotangulia kufa. Krotoni zikapoteza rangi, zikabaki vijiti. Siku moja nilipomwamkia, aliitikia marahaba kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "maua yangu yamekwisha yote. Watoto wasema nihamie kwao Nairobi. Labda ni kweli. Nyumba isiyo na kitu cha kijani si nyumba, ni stoo."

Neno hilo lilinichoma. Nilimwahidi kwamba nitamtafutia kitu cha kijani kitakachoishi humo humo sebuleni. Mpenzi msomaji, makala ya leo yanahusu kitu hicho, na jinsi tulivyojifunza, baada ya kukiua kimoja, kwamba kiumbe kinaweza kuuawa kwa mapenzi.

MGENI ALIYE MWENYEJI

Nilikwenda kwa muuza miche mmoja kandokando ya barabara iendayo Malindi. Nilimweleza shida yangu, naye hakusita. Alinitolea chungu cheusi chenye mashina manene yaliyosimama wima, na kila shina limepangwa majani mazito pande zote mbili, kama ukuti mdogo wa mnazi. Majani yaling'aa hata nikadhani yamepakwa mafuta.

"Hili ni ZZ," akaniambia. "Limetoka Ulaya. Halitaki jua, halitaki maji, halitaki makuu."

Katika hayo, moja tu halikuwa kweli. Mmea huo, ambao jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia (ndiko zilikotoka zile Z mbili), haukutoka Ulaya. Kwao ni huku kwetu. Humea wenyewe kuanzia Kenya, kupitia Tanzania, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, hadi KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini. Huku Kenya, nchi yake ni pwani. Ulaya ulikwenda kutembea tu. Mwaka wa 1829 ulielezwa katika maandishi ya kitalu cha Loddiges jijini London. Mwaka wa 1856 mtaalamu wa mimea Heinrich Schott wa Austria aliupa jina la Zamioculcas, na mwaka wa 1905 Mjerumani Adolf Engler akalikamilisha jina tunalolitumia mpaka leo. Kisha ukasahauliwa na watu wa kawaida kwa miaka mingi, mpaka mnamo 1996 hivi wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi na kuuuza ulimwenguni. Tangu hapo umeingia maofisini, hotelini na mabenki, na ndipo nasi tukauona kuwa ni wa Kizungu.

Jirani wa shangazi, mzee aliyekulia vijijini Kwale, alipouona mezani alicheka mpaka akashika mbavu. "Hili mmelinunua kwa pesa? Sisi tulikuwa tukilikanyaga porini tukichunga mbuzi!"

Naomba maneno ya mzee huyo yasimtume mtu msituni na jembe. Misitu ya pwani iliyobaki ni midogo. Kaya za Wamijikenda zilianza kulindwa kisheria kama turathi za taifa tangu 1992, na mwaka wa 2008 kadhaa kati yake ziliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Kung'oa mmea humo ni kuvunja sheria na kuwavunjia wazee heshima. Tena hakuna haja, kwa sababu, kama utakavyoona hapa chini, jani moja tu kutoka kwa rafiki lakutosha.

SIRI IKO CHINI YA UDONGO

Ukitaka kumtunza mgeni vizuri, jua kwanza kwao alikuwa akiishi vipi. Mmea huu umezoea kivuli cha miti mikubwa, ambako jua hupenya kwa vipande vipande. Umezoea pia miezi ya mvua ikifuatwa na miezi ya ukavu. Kwa hiyo umejiwekea akiba. Ukiutoa kwenye chungu utakuta chini ya udongo viazi vinene, mithili ya viazi mviringo vilivyobanana. Ndani ya viazi hivyo, na katika mashina yake manene, mna maji. Yale majani yanayong'aa nayo yana tabaka la nta linalozuia maji yasipotee ovyo.

Kuna ajabu nyingine. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya kaboni inayohitaji kutengenezea chakula, na hapo hapo jua huiibia maji. Watafiti walichapisha mwaka wa 2007 kwamba ZZ una uwezo wa kuvuta sehemu ya hewa hiyo usiku, wakati wa baridi, hasa unapokumbwa na kiu. Ni tabia ambayo nanasi pia inayo. Mmea wa namna hii hauhitaji mtu wa kuuonea huruma kila asubuhi. Unahitaji mtu wa kuuacha.

KIVULI SI GIZA

Wauzaji wengine husema ZZ unaweza kuishi hata ndani ya kabati. Si kweli. Hakuna mmea wa kijani unaoishi bila mwanga. Huu unastahimili mwanga mdogo, na kustahimili si kupenda.

Kipimo ninachokitumia ni gazeti hili lililo mkononi mwako. Saa sita za mchana zima taa zote, kaa pale unapotaka kuuweka mmea, ufungue ukurasa huu. Ukiweza kuzisoma herufi bila kukunja uso, weka mmea hapo. Ukilazimika kulisogeza gazeti mpaka puani, sogea nalo kuelekea dirishani hadi uweze kusoma. Sebuleni kwa shangazi tulihama mara tatu. Kwenye meza ya televisheni hapakusomeka kitu. Kona ya kabati la vyombo vilisomeka vichwa vya habari peke yake. Mahali palipofaa palikuwa kando ya mlango wa uani, hatua mbili kutoka nje.

Na anayeishi ghorofa ya juu yenye jua tele asiuweke kwenye baraza linalopigwa na jua la mchana, hasa msimu wa kaskazi. Majani yataungua na kugeuka manjano. Jua jepesi la asubuhi halina neno. Kila baada ya wiki mbili tatu uzungushe chungu kidogo, kwani mashina huinama kuelekea kwenye mwanga.

Mara moja kwa mwezi pangusa majani kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi letu la barabarani likilala juu ya jani, huunyima mmea hata ule mwanga mdogo uliopo. Usipake mafuta ya nazi wala ya kupikia ili yang'ae. Hunasa vumbi zaidi na kuziba vile vitundu vya hewa.

MAJI NDIYO ADUI

Sasa nirudi kwenye kisa cha aibu. Mmea ule wa kwanza niliompelekea shangazi ulifika ukiwa na mashina saba. Nilimwambia, "Shangazi, huu hautaki maji mengi," nikaondoka zangu nikidhani nimesema yote. Lakini mtu aliyemwagilia asumini kila asubuhi kwa miaka arubaini, umwambiapo "si mengi," yeye husikia kikombe kimoja badala ya viwili. Kila alfajiri, kabla hajachemsha chai yake, alikuwa akiupa kikombe chake. Alipoona jani moja limegeuka manjano, akaona ni kiu, akaongeza cha jioni.

Baada ya miezi miwili hivi aliniita. Mashina manne yalikuwa yamelala. Nilipoushika mmea, uliinuka wote mkononi bila mizizi, na harufu ikatoka kama ya viazi vilivyosahauliwa guniani. Viazi vyote vilikuwa vimeoza vikawa uji.

"Kumbe ni mimi niliyeuua," akasema polepole. "Nami nilikuwa naamka usiku kuutazama."

Msomaji, hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mmea ukioza mizizi hauwezi tena kunywa, hivyo majani yake hugeuka manjano na kulegea, nasi tukiona hivyo tunaongeza maji. Tunamzamisha anayezama. Kabla hujamwagilia, tia kidole chako ndani ya udongo mpaka kifundo cha pili, au chomeka kijiti kirefu mpaka karibu na chini ya chungu. Kikitoka na unyevu au udongo umekishikamana, weka kopo chini uende zako. Kikitoka kikavu kabisa, mwagilia kwa wingi mpaka maji yatoke chini, uyamwage yaliyojaa kwenye sahani, kisha usahau.

Kwa hali ya hewa ya Mombasa, ndani ya nyumba yenye kivuli, hiyo itakuwa kama mara moja kwa wiki tatu au nne. Wakati wa masika, hewa inapojaa unyevu, unaweza kupitisha muda mrefu zaidi. Wakati wa kaskazi udongo hukauka upesi, kwa hiyo pima mapema. Kumbuka kwamba kalenda ni ya kukukumbusha kupima tu, kidole ndicho kinachoamua.

Mmea wenye kiu ya kweli nao una dalili zake. Mashina hukunjamana kama ngozi ya mtu aliyekaa sana ndani ya maji, na majani huanguka moja moja. Hata hapo usihofu. Mwagilia mara moja vizuri, na akiba yake itajijaza. Aliye na kiu husaidika, bali aliyeoza ni taabu. Ukiwahi kabla uozo haujaenea, toa mmea, kata kwa kisu safi kila kilicho laini, acha viazi vilivyo vizima vikauke kivulini siku mbili, kisha upande upya kwenye udongo mkavu.

Neno moja juu ya maji yenyewe. Wengi wetu upande huu wa bara hutegemea visima, na maji ya visima vingi yana chumvi. Chumvi hiyo hubaki udongoni na kuchoma ncha za majani. Kama waweza, kinga maji ya mvua, au utumie maji ya mfereji au yale ya mitungi yaletwayo na mkokoteni. Kikombe kimoja au viwili kwa mwezi hakitakufilisi.

UDONGO NA CHUNGU

Udongo mzito unaoshika maji haufai. Mimi huchanganya sehemu moja ya udongo mwekundu, sehemu moja ya mchanga wa kujengea, na sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa iliyochanganywa na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Usichote mchanga wa ufuoni, una chumvi. Ukiushika mchanganyiko huo kwa maji na kuufinya, ukiufungua mkono uvunjike, usibaki donge.

Chungu si lazima kiwe cha duka. Sufuria iliyotoboka, ndoo iliyovunjika mkono au kopo la rangi lililooshwa vyote vyafaa, mradi vina matundu chini. Chombo kisicho na tundu ni kaburi la mmea huu. Usikimbilie chombo kikubwa, maana udongo mwingi usio na mizizi hubaki na maji muda mrefu. Viazi vikianza kukibenjua chombo pembeni, hapo ndipo pa kuhamisha. Mbolea kidogo, iliyozimuliwa kwa maji, mara moja kwa miezi mitatu hivi inatosha.

JANI MOJA, MCHE MMOJA

Wanafunzi mnaokaa vyumba vya bedsita, sehemu hii ni yenu. Mwombe mwenye mmea akupe majani matano au sita, hasa yale yaliyokomaa. Yaache siku moja yakauke pale yalipokatika. Kisha chomeka kila jani, upande wa kikonyo chini, katika mchanga wenye unyevu mdogo ndani ya gilasi ya plastiki iliyotobolewa. Yaweke mahali penye mwanga usio wa jua kali.

Halafu usubiri. Kwa wiki nyingi hutaona lolote. Chini, hata hivyo, jani linatengeneza kiazi kidogo kama punje ya mahindi, na kutoka kwenye kiazi hicho chipukizi litatoka. Laweza kuchukua nusu mwaka, laweza kuchukua mwaka mzima. Usilichimbue kila wiki kulitazama. Msituni mmea huu hufanya hivyo hivyo, majani yaliyoanguka wakati wa ukavu huweza kuota mizizi na kuwa mimea mipya. Aliye na haraka agawanye viazi vya mmea mkubwa, kila fungu na shina lake. Anayepanda majani ishirini leo atakuwa na miche ya kuuza mwakani, na mtaji wake ni gilasi za plastiki na subira.

WATOTO NA UTOMVU

Hapa nawasihi wazazi wasikilize. ZZ ni wa jamaa moja na magimbi. Kila aliyewahi kuonja gimbi lisiloiva anajua mwasho ule wa mdomo na koo. Unatokana na vipande vidogo mno vyenye ncha kama sindano, navyo vimo pia katika utomvu wa mmea huu. Mtoto akitafuna jani mdomo utawaka na kuvimba. Msuuze kwa maji, na ukiona uvimbe unaongezeka au anameza kwa shida, mpeleke hospitali upesi. Weka mmea juu, mbali na watoto wachanga, paka na mbuzi, na unawe mikono baada ya kukata. Lakini uvumi kwamba kukaa nao nyumbani huleta saratani hauna msingi wowote.

Vile vile usinunue kwa sababu umeambiwa utakusafishia hewa. Hadithi hiyo inatokana na majaribio ya NASA yaliyotolewa mwaka wa 1989, yaliyofanywa na mimea mingine ndani ya masanduku yaliyofungwa. Nyumba si sanduku. Dirisha likifunguliwa hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

ALIVYOSEMA SHANGAZI

Mmea wa pili nilimpelekea na sharti moja. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, akitoka kanisani, atatia kidole. Siku nyingine zote haruhusiwi hata kuukaribia na kikombe. Alinuna. Aliniuliza ni kiumbe gani kisichotaka kutunzwa. Kwa miezi mitano haukuongeza hata jani, wala haukupoteza hata moja, naye akawa ananiambia kwa simu, "Lile sanamu lako bado limesimama."

Mwezi wa saba alinipigia kabla ya adhana ya alfajiri. Kando ya shina la zamani palikuwa pametokea chipukizi, limejikunja kama ngumi ya mtoto, kijani kibichi kinachong'aa. Leo mmea una mashina kumi na moja na umegawanywa sehemu tatu. Moja iko kwake, moja kwa yule mzee wa Kwale aliyecheka, na moja iko mezani pangu ninapoandika haya.

Sitaki kukudanganya, msomaji. Mmea haurudishi jua. Taa ya shangazi bado huwaka saa nne, na tokeni za stima bado zinamla. Jioni bado hunusa hewa akiitafuta asumini yake. Lile jambo la Nairobi halijesha, watoto wanaendelea kumsihi na huenda siku moja akakubali. Lakini nilipomwuliza juzi, alijibu kwamba hawezi kusafiri kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa sababu ana mtu wa kumtia kidole.

Nilipokuwa nikibeba sehemu yangu kwenda kwenye stesheni ya matatu, aliniita kutoka mlangoni, majirani wote wa ghorofa tano wakisikia.

"Na wewe usilinyweshe ovyo! Nimekuona, una mkono wa huruma!"

Hadi Jumapili ijayo, msomaji, kwaheri.